Ka alikuwa kapteni wa zimamoto na albamu zake akauza mwenyewe. Wakongwe wetu wa Zenji tunawapa "heshima" tu

MzeeWaKanda (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wana jukwaa. Uzi mrefu huu, mwenye haraka zake apite salama.

Nataka tumzungumze rapa mmoja anayeitwa Ka. Wengi humu hamjamsikia na si ajabu, huko kwao Marekani redio hazikumpiga sembuse hapa Unguja. Jina lake la vyeti ni Kaseem Ryan, mtoto wa Brownsville, Brooklyn, mtaa wa wanyonge wa New York. Alifariki Oktoba 12, 2024, akiwa na miaka 52. Chini ya miezi miwili kabla ya hapo alikuwa keshatoa albamu yake ya mwisho, The Thief Next to Jesus, na kama ilivyo ada yake kaitoa mwenyewe. Hakuna lebo ya mtu nyuma yake, hakuna mabango.

Kwa wasiomjua: miaka ya 90 alikuwemo kwenye kundi la Natural Elements, baadaye akaunda lake na rafiki yake, mambo hayakwenda. Akaingia zimamoto. Namaanisha zimamoto ya kweli, Idara ya Zimamoto ya jiji la New York. Akatumikia miaka 20, akapanda mpaka ukapteni, na Septemba 11, 2001 alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuokoa. Mwaka 2008, akikaribia arobaini, akatoa albamu yake ya kwanza ya peke yake, Iron Works, na nakala zake akazigawa tu. Ikamfikia rapa GZA wa kundi la Wu-Tang Clan, naye akamwita kwenye albamu yake ya mwaka huohuo. Umri ule hapa kwetu ukishika maiki unaambiwa uwaachie watoto.

Tangu hapo hakusimama. Grief Pedigree 2012, The Night's Gambit 2013, Honor Killed the Samurai 2016, Descendants of Cain 2020, A Martyr's Reward 2021, mwaka 2022 mbili kwa mpigo, na hiyo ya mwisho 2024. Biti nyingi anazitengeneza mwenyewe, video anaelekeza mwenyewe, nakala anauza kwenye tovuti yake mwenyewe. Kuna nyakati alisimama barabarani kule New York akiuza mkononi, shabiki anafika, wanazungumza, anaondoka na nakala yake.

Ukimsikia mara ya kwanza utadhani spika imeharibika. Ngoma hakuna, au ipo kwa mbali mno. Kuna kipande cha gitaa au kinanda kinajirudia, na juu yake mtu anazungumza kwa sauti ya chini kama anayekuhadithia jambo asilotaka jirani alisikie. Ndivyo anavyokwenda mwanzo mpaka mwisho wa albamu. Hapandishi sauti.

Descendants of Cain, yaani kizazi cha Qabil, nawaombeni muisikilize kwa utulivu, usiku, simu zimenyamazishwa. Sisi kisa cha Qabil na Habil tumekisoma chuoni kabla ya kujua kuandika majina yetu. Yeye kakichukua kisa hichohicho akakipeleka Brownsville, ambako kijana anamuua kijana mwenzake wa mtaa mmoja, wamekula pamoja, mama zao wanajuana. Hahubiri wala hajisifu. Anataja alichokiona na alichofanya, na anakuachia wewe hesabu ya nani kamrithi nani. Halafu wimbo wa mwisho anageuka kabisa: anazungumza na mkewe, mama yake na rafiki yake, anawaambia anawapenda. Basi. Baada ya damu yote ile, mtu mzima anamshukuru mama yake. Mie sikulitegemea hilo kwenye hip hop ya watu wa aina yake.

Sasa mapokezi, na hapa ndipo nilipotaka tufike. Waandishi wa muziki kule walimsifu miaka kwa miaka. Marapa wenzake walimheshimu. Lakini wimbo wake uliovuma mtaani haupo, na mwaka 2016 alipojulikana kwa watu wa kawaida ilikuwa kwa ubaya: gazeti moja la New York lilimwandika kwamba kapteni wa zimamoto anaimba dhidi ya polisi. Mashabiki na wasanii wakamtetea, yeye akaendelea na kazi zake zote mbili. Alichokuwa nacho ni watu wachache wanaotoa pesa. Wachache hao ndio waliomuwezesha kutoa albamu baada ya albamu bila kumwomba mtu ruhusa.

Hapa kwetu mkongwe akitoa albamu mnajua inavyokuwa. Linki inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. "Heshima kaka." "Hujawahi kukosea." Alama za moto zinajaa kioo. Kisha mtu wa tatu au wa nne anauliza: nani anayo faili anirushie? Na anarushiwa.

Ajabu ni kwamba Mzanzibari kumlipa msanii mkononi si jambo geni. Nendeni kwenye taarab. Mama anatoka kitini katikati ya ubeti unaomgusa, anakwenda mbele taratibu kwa madaha yake, noti kaishika juu kila mtu aione, anamtunza mwimbaji, anarudi kukaa. Hakuna aliyemlazimisha. Wimbo uleule anao kwenye simu, bure. Sasa kwa nini mama yangu anamtunza mwimbaji wa taarab, na mie mwanawe namwomba rapa faili?

Karibuni.

---

kijanaMpya

Mzee hip hop ishakufa, watu wako kwenye singeli na amapiano. Ngoma isiyo na ngoma si wimbo ni hotuba.

---

mpemba_halisi

@kijanaMpya hotuba unaidharau? Kila Ijumaa hotuba inajaza watu wengi kuliko tamasha lolote unalolijua, na hakuna singeli pale.

@MzeeWaKanda ahsante kwa uzi. Nimezisikiliza mbili tangu jana, hiyo ya 2020 na ya samurai. Kiingereza chake kizito, mafumbo juu ya mafumbo, nikawa nasimamisha kila baada ya mistari minne. Si vibaya. Sisi wa Pemba tumezoea. Kamange na Sarahani walijibizana kwa mashairi humu kisiwani zaidi ya karne iliyopita na mpaka leo kuna beti zao wazee wanabishania maana. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na lebo, na waliosikiliza walikuwa wachache waliojua wanachosikiliza. Kwa hiyo hoja ya hadhira ndogo mie naikubali kabisa.

Ninapokuja kupingana nawe ni kwenye mfano wenyewe. Huyo bwana alikuwa na mshahara, yakhe. Kapteni wa zimamoto New York si mtu wa kuhangaikia sembe. Albamu isipouza, mwisho wa mwezi pesa inaingia palepale. Uhuru wake wa kutoa albamu isiyo na ngoma umelipiwa na serikali ya jiji. Mkongwe wetu wa hapa hana hilo. Akitoa albamu ya minong'ono na watu wasinunue, watoto wake wanakula minong'ono? Usimlinganishe mwenye ajira ya kudumu na mtu anayesubiri shoo za sikukuu.

---

MzeeWaKanda

@mpemba_halisi hoja nzito na nilikuwa naingoja.

Kwanza nakubali mshahara ulimpa uhuru. Lakini tazama sanaa ya Zanzibar ilivyosimama tangu zamani. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab, ipo tangu 1905. Waliopiga pale na Culture Musical Club wengi walikuwa watu wa kazi nyengine: makarani, walimu, mafundi cherehani, watu wa bandarini. Jioni wanakwenda klabu. Hakuna aliyewaambia kwamba si wasanii wa kweli kwa sababu asubuhi wako ofisini. Na leo hesabu vijana walioko kwenye vikosi vyetu, KMKM, JKU, Mafunzo, Zimamoto. Zimamoto ya hapa tunaijua zaidi kwa mpira, ubingwa wa ligi walishauchukua, na mchezaji wake hatumwambii achague moja.

Hili la kwamba msanii asiyekula muziki tu basi kashindwa limetujia na Bongo Fleva na magari ya kukodi kwenye video. Mkongwe anaona haya kusema ana duka la vifaa vya simu Darajani. Kwa nini? Ka hakuiacha kazi yake, na wala hakuiuza kama kivutio cha albamu.

Pili, mshahara haukumnunulia msikilizaji hata mmoja. Wale walitoa pesa kwa hiari yao.

---

FundiMitambo

Nachangia kama mtu wa studio, nimekaa nyuma ya mitambo tangu enzi za kanda.

Watu wanasema "albamu huru" wakidhani maana yake ni albamu iliyotolewa bila pesa. Uhuru wenyewe uko kwenye masta. Nani anamiliki rekodi ile ya asili? Iron Works ni jina la albamu ya kwanza ya Ka, na ndilo jina la lebo yake pia. Kila alichokirekodi peke yake ni chake. Kafariki, na kazi ile imebaki kwa watu wake.

Tuone upande wa pili. De La Soul, kundi la rap la Marekani, wakongwe tangu 1989. Albamu zao za mwanzo zilizowapa jina hazikuwepo kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni mpaka Machi 2023, kwa sababu ya vipande vya nyimbo za watu walivyotumia na mvutano na lebo iliyomiliki masta. Kizazi kizima cha mtandaoni kimekua bila kuzikuta huko. Mmoja wao, Trugoy, alifariki Februari 2023, wiki chache tu kabla ya mlango kufunguliwa. Lakini watu haohao mwaka 2015 walipoamua kutengeneza albamu yao wenyewe waliwaomba mashabiki wachangie, wakapata zaidi ya dola 600,000 kutoka kwa watu zaidi ya 11,000. Albamu ikatoka 2016, na ni yao.

Hapa kwetu? Rap ya Unguja haikuanza jana. Struggling Islanders walikuwepo miaka ya 90. Cool Para alichanganya rap na taarab wakati ambapo Dar walikuwa hawajafikiria. Baadaye ikaja Zenji Flava, Offside Trick wakaingia studio na Bi Kidude mwenyewe, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sasa niambieni nyimbo za miaka ile masta ziko wapi. Nyengine zilikuwa kwenye kompyuta ya studio iliyokufa. Nyengine mtu aliuza kanda kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja, hakuna karatasi, pesa ikaisha wiki ileile na wimbo ukawa wa nani haijulikani. COSOZA, taasisi yetu ya hakimiliki, ipo, sheria ya hakimiliki ya Zanzibar ni ya 2003, lakini huwezi kwenda kusajili kitu ambacho hata wewe mwenyewe huna nakala yake safi. Mkongwe ananiletea wimbo wake alioupakua mtandaoni, una sauti ya mtangazaji wa redio katikati, anataka niusafishe.

Na hii habari ya "weka tu mtandaoni pesa itakuja", tuambizane ukweli. Spotify tangu 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi chochote. Chochote. Mkongwe wa Unguja mwenye mashabiki mia tatu wa kufa na kupona hawezi kuishi huko. Mashabiki mia tatu haohao wakitoa elfu kumi kila mmoja ni milioni tatu. Kwa bei za kwangu hiyo inalipa studio, inachapisha nakala, na yeye anabaki na kitu mfukoni.

---

kijanaMpya

Elfu kumi kwa albamu 😂😂 ilhali bando la wiki halifiki hapo

---

FundiMitambo

@kijanaMpya jezi ya timu ya Ulaya uliyovaa kwenye picha yako umeinunua kiasi gani?

---

kijanaMpya

Hiyo ni tofauti mzee

---

binti_Kikwajuni

Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo, sasa naona kaka zangu mnazunguka palepale.

@MzeeWaKanda mfano wako wa taarab mzuri, ila umemtazama yule mama nusu. Yule mama hamlipi mwimbaji peke yake. Ule ubeti una mtu wake. Mlengwa yumo humohumo ukumbini, meza ya tatu, na kila anayejua ugomvi wao anageuza shingo. Noti inashikwa juu kwa sababu. Mama ananunua nafasi ya kusimama mbele ya watu na kusema "haya maneno ni yangu" bila kufungua mdomo. Mwimbaji anapata pesa, mama anapata heshima yake, na aliyelengwa anapata chake pia. Hiyo ndiyo biashara inayofanya watu watunze.

Rapa wenu anampa mnunuzi nini cha kusimama nacho? Linki? Linki haishikwi juu.

Nipsey Hussle, rapa wa Marekani, aliliona hili mwaka 2013. Kazi yake ya Crenshaw aliiweka mtandaoni bure kwa kila mtu, halafu akachapisha nakala 1,000 tu, dola 100 kila moja. Watu walimcheka. Jay-Z akanunua nakala 100 peke yake na dunia nzima ikajua. Kile kilikuwa nini kama si kutunza? Kashika noti juu katikati ya ukumbi. Wimbo wenyewe ulikuwa bure, lakini kujulikana kwamba ulikuwemo kwenye wale elfu kulikuwa na bei.

Kwa hiyo msilaumu mashabiki kwamba ni mabakhili. Wazanzibari mabakhili? Nendeni mkaone harusi zetu watu wanavyotoa. Hamjawapa pa kutolea.

Na jambo la pili nalisema kwa upole. Shughuli za hip hop mnazifanya wapi? Maskani, saa nne usiku, wanaume watupu, moshi. Mie naipenda rap tangu nasoma skuli, nimenunua nakala za watu wa Dar kwa kutumiwa na boti, lakini kwenu siwezi kuja kukaa. Taarab inajaa kwa sababu wanawake wana viti, tena vya mbele. Nusu ya wanaotoa pesa kwa muziki kisiwani humu ni sisi na mmetufungia nje.

---

mpemba_halisi

Dada umetupiga mahali penyewe. Mie sina la kujibu kwenye hilo la viti.

---

Chuo_cha_Vina

Nami niulize jambo ambalo wote mmelipita. Jina la albamu ya mwisho. Mwizi aliye pembeni ya Yesu. Kuna ndugu zangu wawili nimewatumia, wote wamenirudishia bila kusikiliza: "ustadh, haya mambo ya msalaba sisi hatuhusiani nayo." Kiitikadi wako sawa, Qur'ani imeshasema kuhusu hilo. Lakini nadhani wamekosa kitu kikubwa.

Albamu imejaa sauti za kwaya na nyimbo za kanisa za watu weusi wa Marekani, za zamani, kazikata na kuzizungusha chini ya maneno yake. Ukisikia dakika ya kwanza utadhani anasifu kanisa. Kaa nayo. Anauliza swali gumu: watu walioletwa kwa minyororo walipewa dini na aliyewafunga, wakaambiwa wavumilie, wakavumilia. Imewasaidia kiasi gani, na imewanyamazisha kiasi gani? Anazungumza kama mtoto wa nyumba ileile mwenye haki ya kuuliza, si mtu wa nje anayetukana.

Sasa mtu wa Unguja useme haikuhusu? Pita Mkunazini. Kanisa kuu la Anglikana limesimama pale palipokuwa na soko la watumwa, soko lililofungwa 1873. Wamisionari walijenga juu ya uwanja uleule. Watalii wanaletwa kila siku wanaonyeshwa vyumba vya chini na ile minyororo, wanatoka wanafuta machozi, wanakwenda kula Forodhani. Sisi tunapita na mapakacha yetu kwenda Darajani, hatuangalii hata kidogo. Na tusijitoe kwenye hesabu: waliouza na kununua pale wengi walikuwa watu wa swala tano. Sijamsikia rapa wetu hata mmoja, mkongwe wala chipukizi, aliyekaa na jambo hilo kwa albamu nzima kwa utulivu ule. Tuna nyimbo za uzalendo, tuna nyimbo za mapenzi, tuna nyimbo za kujisifu. Ka angezaliwa Vikokotoni angeliandika hilo.

Ndiyo maana mie naona mnajadili soko la albamu kabla ya albamu yenyewe. Mkongwe wetu akitoa kazi leo, nyimbo 14, tano za mapenzi kwa sababu kaambiwa redio zinataka mapenzi, mbili za kuchezeka, moja kamshirikisha kijana anayevuma ili apate watazamaji. Hiyo nikupe elfu kumi ya nini? Ukitaka watu wachache wakulipe vizuri, lazima uwape kitu ambacho hawakipati kwa wengi. Ka alilipa kwa kukataa. Alikataa ngoma, alikataa kushirikisha mastaa wa kumbeba.

---

MzeeWaKanda

@Chuo_cha_Vina hapo kwenye Mkunazini umenisimamisha. Nimesikiliza albamu ile tangu ilipotoka na sikulifikisha hapo.

Ila nakupinga kidogo kwenye lawama. Mkongwe anaweka nyimbo tano za mapenzi kwa sababu sisi tulio watu wazima, tunaotaka maneno mazito, hatujawahi kumwonyesha kwa pesa kwamba tupo. Anaona namba za watazamaji tu, na namba zile zinamwambia mapenzi. Akiangalia grupu letu anaona alama za moto. Angejua vipi? Kila upande unamngoja mwenzake.

@binti_Kikwajuni dada, nimekubali kwamba noti inashikwa juu kwa sababu. Niongeze hapohapo. Huku kwetu sababu si lazima iwe mpasho. Mtu wa miaka arobaini na tano aliyekua na kanda za miaka ya 90, leo ana ofisi, ana gari, anatamani mahali pa kusema "hawa ndio walionilea." Hana. Sauti za Busara anakwenda kila Februari pale Ngome Kongwe, anafurahi, lakini pale msanii ana muda mfupi jukwaani, na nusu ya ukumbi ni wageni ambao hawajui hata jina la mtaa anaoutaja.

---

mpemba_halisi

Tuliseme basi kwa vitendo, maana uzi ukifika kurasa nyingi hufa.

Mie nafikiria hivi. Mkongwe mmoja, ataamua mwenyewe akiwa tayari. Albamu isiende mtandaoni kwanza. Aipige mbele ya watu, siku moja Unguja, siku moja Chake Chake huku Pemba, ukumbi wa viti, mapema baada ya Alasiri ili dada zetu waje na warudi kwao mapema. Asiimbe, akae tu kwenye kiti pembeni ya spika, wimbo ukiisha aeleze kaandika wapi na kwa nini. Nakala ziwe pale mezani, za kuhesabika, kila moja kaandika jina la mnunuzi kwa mkono wake. Mtandaoni ije baada ya miezi. Ka naye kuna kazi aliziuza kwenye tovuti yake kwanza, huko kwengine zikafuata baadaye.

Ila mkija Pemba msituletee mtu saa mbili nyuma ya ratiba. Watu wa Wete wanategemea gari ya mwisho.

---

FundiMitambo

Naunga mkono, na mitambo natoa mie kwa siku ya Unguja, bila malipo. Sharti langu moja: mkongwe aje na makubaliano ya maandishi na kila aliyemtengenezea biti. Sifungui spika kwa kazi ambayo kesho watu watagombania. Na kibali cha Baraza la Sanaa kiombwe mapema, si siku mbili kabla kama mlivyozoea.

---

kijanaMpya

Na simu turuhusiwe kurekodi au?

---

binti_Kikwajuni

Simu kwenye kapu mlangoni. Nitakaa mie na hilo kapu.

---

kijanaMpya

Haya. Mnasema huyo Ka nianzie wapi, maana nimefungua ile ya samurai nikalala

---

MzeeWaKanda

@kijanaMpya anza na Descendants of Cain, nyimbo tatu tu za mwanzo kisha ruka mpaka ule wa mwisho wa mama yake. Ukivuka hapo nenda The Night's Gambit, imejengwa juu ya sataranji, wewe unacheza bao na karata utaielewa mbinu yake. The Thief Next to Jesus iache mpaka umezoea sauti yake. Na ukizipenda zinauzwa, usimwombe mtu faili.

---

kijanaMpya

Sawa mzee. Ila kadi ya benki sina, mwenye nayo aninunulie nimrushie kwa simu

---

Chuo_cha_Vina

Nicheki pembeni, nitakununulia. Pesa itangulie lakini, nakujua wewe.